Shajara ya mradi: maabara ya sumukuvu kwa karanga za kuuza nje

Mwezi wa 1: wigo

Ombi la wizara lilikuwa na aya mbili. Shehena za karanga zinakataliwa kwenye soko la Umoja wa Ulaya kwa sababu ya sumukuvu aina ya aflatoksini, kwa hiyo inaombwa mashine ya HPLC, inayotenganisha na kupima kemikali zilizo kwenye kimiminika. Tangu mpango wa Msaada kwa Biashara uzinduliwe kwenye mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani (WTO), Hong Kong, Desemba 2005, maombi mengi huja na sura hiyo: tatizo la mnyororo mzima limeandikwa kama kifaa kimoja. Mashine ni rahisi kupata. Kilicho kigumu ni ripoti ya maabara ambayo afisa wa bandari ya upande wa pili ataiamini.

Vigezo vya soko ndivyo hivi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2023/915 inaweka ukomo wa maikrogramu 2 kwa kilo kwa aflatoksini B1, na 4 kwa jumla ya aina nne, B1, B2, G1 na G2, kwa karanga zinazokwenda kwa mlaji moja kwa moja. Zile zitakazochambuliwa au kutibiwa kwanza zina ukomo wa 8 na 15. Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, nayo ina 15 kwa jumla, kwa karanga za kusindikwa zaidi. Nchi ikiingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha Kanuni 2019/1793, kila shehena ya zao husika husafiri na cheti rasmi pamoja na matokeo ya maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara. Cheti hicho huisha nguvu miezi minne baada ya kutolewa, na hata hivyo hakiwezi kuvuka miezi sita tangu tarehe ya matokeo. Msafirishaji anayepima mapema ili "amalize kabisa" halafu akasubiri meli hujikuta na karatasi iliyokufa.

Kwa hiyo lengo la mradi limeandikwa hivi: ithibati ya ISO/IEC 17025 kwa zao moja, aflatoksini nne, mbinu moja ya upimaji. "Mashine imefungwa na inafanya kazi" imeondolewa kwenye orodha ya matokeo na kubaki kwenye orodha ya shughuli. Yalikuwepo maombi ya kuongeza mahindi, pilipili kavu na mabaki ya viuatilifu. Yamekataliwa yote kwa sasa, maana kila zao jipya ni uthibitishaji mpya wa mbinu. Pilipili peke yake, kwa rangi na mafuta yake, ingeweza kula muda wa mradi wote. Wigo ukishapata ithibati hupanuliwa. Ukianza mpana haufiki popote.

Kwa wanaojaza fomu za wafadhili: kazi ya kutekeleza mikataba ya SPS (usalama wa chakula na afya ya mimea na wanyama) na TBT (vikwazo vya kiufundi vya biashara) huingia kwenye msimbo 33110 wa OECD. Watu hupenda kuiweka 33120, ambao ni wa uwezeshaji wa biashara, yaani forodha na taratibu za mipakani. Msimbo ukikosewa mradi hauharibiki, ila mwaka ukiisha hakuna atakayeuona kwenye takwimu za msaada. Na kwa nchi ambayo bado haina andiko kamili, mfuko wa STDF, wa kukuza viwango na biashara, hutoa ruzuku ya maandalizi isiyozidi dola 50,000 za Marekani; ni fedha ndogo yenye manufaa kuliko andiko kubwa la haraka.

Mwezi wa 2: makubaliano ya uendeshaji

Hii ndiyo hatua ambayo miradi ya maabara hufia, ingawa kifo chenyewe huonekana miaka mitatu baadaye. Makubaliano yamesainiwa kabla ya kuagiza kifaa chochote, na utaratibu huo haukupokelewa kwa furaha.

Gharama zinazojirudia zimeorodheshwa moja moja: vimirija vya kingamwili vya kunasia aflatoksini, methanoli na asetonitrili, viwango rejea (myeyusho wenye kiasi kinachojulikana cha aflatoksini), nyenzo rejea zilizothibitishwa, ada ya upimaji wa umahiri (sampuli za nje za kuijaribu maabara), ugezi, yaani uhakiki wa usahihi, wa mizani, pipeti na vipimajoto, ada ya chombo cha ithibati, mkataba wa huduma ya mashine, taa na vipuri, na umeme. Kisha likaulizwa swali moja: ada anayolipa msafirishaji inakwenda wapi? Jibu lilikuwa hazina kuu. Maabara inakusanya, inapeleka, halafu inasubiri bajeti yake ya mwaka, ambayo hutolewa kwa mafungu na mara nyingi fungu la maana huja robo ya mwisho. Azimio la Paris la 2005 linawataka wafadhili watumie mifumo ya nchi yenyewe, na ni sawa. Lakini mfumo unaotoa fedha mara moja kwa mwaka hauwezi kulisha maabara ambayo vimirija vyake vina tarehe ya mwisho. Ukinunua vya mwaka mzima kwa mkupuo, vya mwishoni vinaharibikia kwenye friji. Ukisubiri, sampuli zinalala.

Yaliyokubaliwa: maabara inabakiza ada yake kwenye akaunti maalumu yenye ukaguzi; ununuzi wa vitendanishi unafanywa kwa mkataba wa mfumo, bei moja na uletaji wa kila robo; wachambuzi wasiopungua watatu kwa mbinu hii moja, ili mmoja akiondoka pabaki wawili. Watatu ni wengi kwa macho ya mhasibu. Mchambuzi mwenye ujuzi wa HPLC akishapata cheti hutafutwa na kampuni binafsi, na maabara yenye mmoja tu ina ithibati inayotembea kwa miguu.

Ada nayo ilihesabiwa upya. Kima cha zamani kilifikiri sampuli moja, kimirija kimoja. Uhalisia ni huu: fungu moja la karanga hutoa sampuli mbili za maabara, kila moja hupimwa mara mbili, hivyo vimirija 4. Ongeza sampuli tupu isiyo na aflatoksini, sampuli iliyotiwa kiasi kinachojulikana, na sampuli ya udhibiti: 7 kwa fungu moja. Mafungu matano yakipimwa pamoja ni 20 na 3, yaani 23, wastani wa 4.6 kwa fungu. Ada ya kimirija kimoja ni hasara kila mlango unapofunguliwa. Kima kipya kimewekwa kwa hesabu ya mafungu matano kwa mkupuo, na msafirishaji anayetaka kupimiwa fungu moja kwa haraka analipa tofauti.

Mwezi wa 4: zabuni

Orodha ya awali ya vifaa ilianza na HPLC na kuishia na HPLC, pamoja na mashine ya kusaga ya mezani yenye uwezo wa gramu 500. Kinu hicho kimeondolewa, na sababu ni ya hesabu tupu.

Punje moja ya karanga ina uzito wa nusu gramu hivi. Ikiwa imeoza na ina aflatoksini maikrogramu 100,000 kwa kilo, basi punje hiyo imebeba maikrogramu 50. Iweke ndani ya kilo 10 za karanga safi kabisa: 50 ukigawa kwa 10 unapata 5 kwa kilo, na ukomo ni 4. Punje moja kati ya 20,000 imetosha kulikataa fungu. Sasa mtu akichota gramu 500 kutoka kwenye hizo kilo 10 bila kuzisaga zote kwanza, ana nafasi moja kati ya 20 ya kuipata punje ile. Akiipata, mashine inasoma 100. Asipoipata, inasoma sifuri. Hakuna HPLC duniani inayoweza kurekebisha kosa lililofanyika kwenye kinu.

Kinu kilichoandikwa kwenye zabuni ni cha kupokea kilo 10 kwa mara moja, karanga na maji kwa uwiano wa 1 kwa 1 kwa uzito, hadi ziwe uji laini. Kusaga karanga kavu kunazipasha joto, mafuta yanatoka, unga unageuka siagi inayoganda kwenye visu, na sampuli inayofuata inasagwa juu ya mabaki ya iliyotangulia.

Mengine yaliyoingizwa kwenye vipimo vya zabuni:

Muda wa dhamana uhesabiwe tangu siku mashine inapokabidhiwa ikifanya kazi. Ukihesabiwa tangu kusafirishwa, nusu yake huishia bandarini.

Vipuri vya miaka miwili viwe ndani ya bei: taa ya kigunduzi cha mng'ao, taa ya kitengo cha kuchochea kwa mwanga wa UV, mihuri ya pampu, safu mbili za C18 (mirija ya kutenganishia) na vilinzi vyake. Mzabuni huvitoa kwa urahisi wakati anaposhindania kazi kuliko baada ya kulipwa.

UPS (akiba ya umeme ya betri) iwe ya aina inayogeuza umeme muda wote, kwa ajili ya HPLC na kompyuta yake pekee. Kinu kiwe na laini yake, kwa sababu mota yake inapoanza huvuta umeme mwingi kwa ghafla na UPS ndogo hukata.

Mafunzo yafanyike kwa karanga halisi, mwanzo hadi mwisho. Mafunzo ya siku ya ufungaji kwa kawaida ni fundi kuchoma sindano ya kiwango rejea na kuonyesha vilele vinne vizuri, kimoja kwa kila aflatoksini. Hayo hayamfundishi mtu chochote kuhusu uji wa karanga.

Mwezi wa 7: bandarini

Mashine imefika, msamaha wa kodi haujafika. Barua ya msamaha imetaja wizara kama mpokeaji. Hati ya usafirishaji imetaja maabara. Kwa forodha hao ni wapokeaji wawili tofauti, na wana haki kusema hivyo. Ada ya kuchelewesha kontena inapanda kila siku, na ruzuku hairuhusu kulipia ada za namna hiyo, kwa hiyo mzigo umeangukia bajeti ya maabara ambayo haikuwa na kifungu chake.

Utaratibu uliowekwa kwa shehena zilizobaki: msamaha unaombwa kwa ankara ya awali kabla ya mzabuni kuruhusiwa kusafirisha, jina la mpokeaji linanakiliwa herufi kwa herufi kutoka barua ya msamaha kwenda kwenye hati zote, mkataba unasema DAP, yaani mzabuni anafikisha mzigo, hadi mlangoni kwa maabara, huku jukumu la msamaha likiandikwa waziwazi kuwa la mpokeaji. Wakala wa forodha anapewa rasimu ya hati kabla hazijawa za mwisho. Kusahihisha rasimu ni barua pepe moja. Kusahihisha hati iliyokwishatolewa ni safari ya kurudi kwa kampuni ya meli.

Kemikali hazisafiri na mashine. Methanoli ni UN 1230 na asetonitrili ni UN 1648, zote vimiminika vinavyowaka vya daraja la 3, na zinahitaji vibali, ufungashaji na tamko lake. Vimirija vya kingamwili vinasafiri kwa ndege vikiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na havitakiwi kuganda. Kila boksi limewekewa kirekodi joto. Boksi la kwanza lilikuwa limelala kwenye ghala la kawaida la uwanja wa ndege mwisho wa juma. Kirekodi kilionyesha, mzabuni akalibadilisha. Bila kirekodi hicho, vimirija vile vingeingia kwenye friji vikiwa na sura nzuri, na uchunguzi ungeanza miezi kadhaa baadaye kwa kumlaumu mchambuzi.

Mwezi wa 9: vyumba

Kifupi. Chumba cha kusagia kimetenganishwa na chumba cha HPLC, milango haitazamani, na koti la kusagia halivuki. Vumbi la karanga yenye sumukuvu huchafua sampuli tupu na mapafu ya wafanyakazi pia. Madirisha yamebandikwa utando wa kuzuia UV kwa sababu mwanga huvunja aflatoksini. Viwango rejea vinakaa kwenye vichupa vya kahawia. Vyombo na meza vinasafishwa kwa sodiamu hipokloriti, halafu vinasuuzwa kwa uangalifu, maana mabaki ya hipokloriti kwenye kioo yatakula aflatoksini ya sampuli inayofuata na kutoa matokeo mazuri ya uongo.

Mwezi wa 11: kuchukua sampuli

Sehemu kubwa ya tofauti kati ya matokeo mawili ya fungu lilelile hutoka kwenye uchukuaji wa sampuli, wala si kwenye mashine. Wafadhili hawaupendi kwa sababu haupigiki picha: ni watu wenye bambo ghalani.

Utaratibu unafuata Kanuni ya Utekelezaji 2023/2782, iliyochukua nafasi ya 401/2006 na kuanza kutumika Aprili 2024. Fungu la tani 75 linagawanywa mafungu madogo matatu ya tani 25. Kila moja linatoa sampuli ndogo 100 za gramu 200 hivi, jumla kilo 20, ambazo zinachanganywa na kugawanywa sampuli mbili za kilo 10 kila moja kabla ya kusagwa. Kwa karanga za kuliwa moja kwa moja, zote mbili lazima ziwe ndani ya ukomo. Moja ikizidi ukomo, fungu limekataliwa.

Gunia lipi litobolewe? Zidisha uzito wa fungu kwa uzito wa sampuli ndogo, gawa kwa uzito wa sampuli ya jumla ukizidisha na uzito wa gunia. Kwa tani 25 zenye magunia ya kilo 50: 25,000 mara 0.2 ni 5,000. 20 mara 50 ni 1,000. Jibu ni 5. Kila gunia la tano, kati ya magunia 500, yanapatikana 100.

Karatasi inasema hivyo. Ghalani magunia yamepangwa hadi darini na yameegemea ukuta, na mchukua sampuli anaweza kufikia safu ya nje tu. Magunia ya katikati ndiyo yanayohifadhi unyevu. Kwa hiyo sampuli za mradi huu zinachukuliwa magunia yanapohamishwa, wakati wa kupakia au kupanga upya, na msafirishaji anayetaka cheti analipia wabeba mizigo. Bambo liwe refu la kufika katikati ya gunia. Fupi linakusanya karanga za pembeni tu. Punje yenye kuvu haiondolewi mkononi. Hili limerudiwa kwenye kila mafunzo, kwa sababu mtu aliyezoea kuchambua karanga huitupa bila hata kufikiri, na akiitupa ameitupa sampuli yote.

Namba ya utambulisho iliyo kwenye ripoti na cheti inatakiwa iwe kwenye kila gunia. Kuna ghala lililoandika namba kwenye karatasi iliyogundishwa kwa gundi, na magunia yaliposuguana karatasi zikabaki sakafuni. Sasa namba inapigwa chapa kwa wino kwenye gunia lenyewe kabla ya sampuli kuchukuliwa, si baada ya matokeo kutoka. Mpangilio huo una maana yake: fungu lisilo na namba wakati wa sampuli linaweza kubadilishwa usiku.

Mwezi wa 14: uthibitishaji wa mbinu

Karanga tupu, zisizo na aflatoksini, ni ngumu kupata kuliko zenye nazo. Zimetafutwa, zikapimwa, na kiasi cha kutosha kimesagwa na kuhifadhiwa kwenye jokofu la kugandisha kwa ajili ya kazi yote ya uthibitishaji.

B1 imeongezwa kwa viwango vitatu: 1, 2 na 4 kwa kilo, yaani nusu ya ukomo, ukomo wenyewe, na mara mbili yake. Kila kiwango mara sita, siku tofauti, wachambuzi tofauti. Lengo la urejeshaji lililowekwa na mradi ni asilimia 70 hadi 110.

Urejeshaji wa kwanza ulikuwa chini kwa mpangilio uleule kwa kila mchambuzi. Kosa la bahati nasibu halina mpangilio, kwa hiyo ilitafutwa hesabu. Uji wa uwiano wa 1 kwa 1, gramu 50, una karanga gramu 25 na maji mililita 25. Mwongozo ulionakiliwa kutoka kwa mbinu ya unga mkavu ulisema ongeza mililita 125 za mchanganyiko wa methanoli na maji, 80 kwa 20. Lakini maji ya uji hayaondoki: ujazo wa kweli ni 150, wakati jedwali la hesabu lilikuwa na 125. Kila matokeo yalikuwa pungufu kwa sehemu moja ya sita, na methanoli ilikuwa imeshuka hadi asilimia 67. Marekebisho ni mepesi: kwa gramu 50 za uji ongeza mililita 100 za methanoli tupu, na maji yaliyomo yanakamilisha 80 kwa 20 na ujazo wa 125.

Jambo la pili la kulijua kabla ya kuendesha mbinu hii. Kwenye safu ya C18 vilele vinatoka kwa mfuatano wa G2, G1, B2, B1. B2 na G2 zinang'aa zenyewe. B1 na G1 zinang'aa hafifu sana na zinahitaji kuchochewa baada ya safu, hapa kwa taa ya UV. Taa ikichoka, vilele vya B1 na G1 vinazama huku B2 na G2 vikisimama vilevile. Mtu asiyejua ataandika kwamba karanga hizi zina B2 bila B1, jambo ambalo kwa kuvu wa karanga ni ajabu la kutosha kusimamisha kazi.

Mwezi wa 17: upimaji wa umahiri

Matokeo ya duru ya nje yamerudi. Thamani iliyopangwa ya B1 ni 8. Maabara imeripoti 4.1. Kwa viwango hivi vya chini mkengeuko unaotumika ni asilimia 22 ya thamani, yaani 1.76. Tofauti ya 3.9 chini, gawa kwa 1.76, alama inayoitwa z ni −2.2. Kati ya 2 na 3 ni onyo. 3 na kuendelea ni kushindwa.

Kulikuwa na sauti za kuliacha lipite kwa kuwa halikufika 3. Halikuachwa. Cha kwanza kilichoangaliwa ni z ya B2, nayo ilikuwa karibu na sifuri. B1 iko chini, B2 iko sawa: taa. Saa za taa hazikuwa zikiandikwa popote, na mstari wa ulinganisho, unaogeuza ukubwa wa kilele kuwa kiasi, ulikuwa wa wiki iliyotangulia, kabla taa haijadhoofika. Kama mstari ungechorwa siku ileile, viwango rejea vingeshuka pamoja na sampuli na kosa lingejifuta lenyewe.

Hatua za kurekebisha: mstari mpya kwa kila mkupuo wa sampuli, kiwango cha kati kinachomwa katikati na mwisho, na kikihama zaidi ya asilimia 10 mkupuo mzima unarudiwa, saa za taa zinaandikwa, uwiano wa B1 kwa B2 kwenye kiwango rejea unawekwa kwenye chati ya udhibiti. Ripoti zote zilizotolewa tangu chati ionyeshe uwiano ukianza kushuka zimepitiwa upya, na wateja wenye matokeo karibu na ukomo wamearifiwa kwa maandishi. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyoleta mabishano makali zaidi. Kiwango cha ISO kinaitaka, na msafirishaji aliyearifiwa kabla mzigo haujapakiwa amepoteza kidogo kuliko ambaye angeambiwa bandari ya mwisho.

Mwezi wa 19: taarifa za masoko

Kituo cha maulizo cha SPS na maabara walikuwa hawaongei. Rasimu za kanuni mpya hutangazwa WTO, na muda wa kawaida wa maoni ni siku 60. Maabara imejiandikisha kwenye jukwaa la ePing, ambalo hutuma arifa kwa barua pepe kulingana na zao na soko. Usajili wa kwanza ulitumia namba ya forodha ya HS 1202 peke yake, ambayo ni karanga mbichi. Karanga zilizokaangwa na siagi ya karanga ziko 2008.11, na wasafirishaji wawili wa bidhaa hizo wangekosa kila tangazo. Namba zote mbili zimo sasa.

Mwezi wa 22: wakaguzi wa ithibati

Chombo kilichochaguliwa kimesaini mkataba wa utambuzi wa pamoja wa ILAC, ushirika wa kimataifa wa vyombo vya ithibati. Vyeti vya bei nafuu vya vyombo visivyosaini vipo, na forodha ya upande wa pili haivitambui.

Dosari zilizoandikwa na wakaguzi hazikugusa HPLC hata moja. Kipimajoto cha friji ya vimirija kina cheti cha ugezi, lakini cheti hakina pointi yoyote kati ya nyuzi 2 na 8. Rekodi za umahiri zipo kwa wachambuzi, hazipo kwa wachukua sampuli. Maabara iko chini ya bodi inayotangaza mauzo ya zao lilelile, na tathmini ya hatari kwa uadilifu haikutaja hilo. Kanuni ya uamuzi haijakubaliwa na mteja kwa maandishi.

Hii ya mwisho inahitaji maelezo. Tuseme matokeo ni 3.4 na mashaka ya kipimo ni 0.9 juu au chini. Mpaka wa juu ni 4.3, ukomo ni 4. Mdhibiti wa nchi inayoagiza hukataa fungu pale tu anapokuwa na uhakika limezidi ukomo, kwa hiyo kwake mashaka humfaa mfanyabiashara. Msafirishaji anapenda maabara yake itumie kanuni hiyohiyo na imwandikie kuwa amefaulu. Mradi umeandika kinyume chake: kwa cheti cha kusafirisha, fungu linafaulu pale tu matokeo pamoja na mashaka yakiwa ndani ya ukomo. 3.4 haipakiwi. Inapepuliwa upya kwa mashine inayotenga punje mbaya kwa rangi au inauzwa soko la kusindika. Sampuli ya upande wa pili itakuwa nyingine, yenye punje nyingine, na fungu lililosoma 3.4 hapa linaweza kusoma 9 kule bila yeyote kuwa amekosea.

Mwezi wa 24: makabidhiano

Dosari nne zimefungwa kwa ushahidi na ithibati imetolewa kwa wigo ulioombwa. Kiashiria cha mfadhili cha "idadi ya watu waliofunzwa" kimejazwa kwa kuwa fomu inakitaka. Karibu yake yamewekwa mambo matatu yanayopimika kutoka kwenye daftari la maabara: muda kutoka sampuli hadi ripoti, salio la akaunti ya ada ukilinganisha na gharama ya robo inayofuata, na mafungu yaliyofaulu hapa yakakataliwa kule, kila moja na sababu yake.

Yaliyobaki wazi. Mchambuzi wa tatu ameajiriwa lakini bado hajathibitishwa umahiri. Mkataba wa mfumo wa vitendanishi umeleta mara mbili kwa wakati na mara moja kwa kuchelewa. Kifungu cha faini hakijatumika. Mahindi yameombwa tena, na maabara yenyewe imejibu kwamba karanga tupu za akiba zinakwisha na itaanza kutafuta mahindi tupu baada ya duru ijayo ya umahiri. Mkataba wa huduma ya mashine unasubiri saini ya wizara. Fungu la mwisho la ruzuku halitatoka hadi saini hiyo ipatikane.